Shemeji amerekodi mlango wa sinagogi, mume wangu anasema ni utani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko ndiko nilikoolewa. Mwaka 2016 tulipata bahati ya kuletwa Marekani, tukapangiwa mji wa Pittsburgh. Shirika lililotupokea ni la Wayahudi. Tulishuka uwanja wa ndege katikati ya baridi tukiwa na ndala na vitenge, wao wakaja na makoti. Nyumba ya kwanza walitutafutia wao. Mama mmoja mzee anayejitolea pale ndiye aliyenifundisha kupanda basi, kusoma barua za shule, na baadaye kuendesha gari. Watoto wangu wanamwita Bibi. Anakaa mtaa wa Squirrel Hill, na kati ya wale waliouawa sinagogini hukohuko mwaka 2018 walikuwamo watu aliowajua tangu ujana wake.

Sasa shida yangu. Tunaishi na mdogo wa mume wangu, kijana wa miaka 20, anafanya kazi za usiku kwenye bohari. Zamani alikuwa mtu wa mpira na kwaya. Tangu vita vya Gaza vianze, simu imemmeza. Mwanzoni zilikuwa picha za watoto waliokufa, na kweli hata mimi nililia. Baadaye video zikageuka: Wayahudi ndio wenye benki zote, ndio wanaouza vita, ndio waliomuua Yesu, na yale ya 2018 yalikuwa maigizo ya kutafuta huruma. Ananitumia mimi, anatuma pia kwenye grupu la vijana wetu.

Jumamosi iliyopita alipita karibu na sinagogi moja akarekodi. Ni video fupi: mlango, mlinzi aliyesimama pale, wazee wawili wanaingia. Juu yake akaandika, "Hawa nao siku yao inakuja." Grupuni watu wakaweka vicheko. Mmoja akauliza, "Wanafunga saa ngapi?" Nilihisi tumbo linakatika.

Nilimwonyesha mume wangu. Akasema ni maneno ya vijana, kesho watasahau. Nilipotaja polisi alikasirika kabisa: "Unataka mdogo wangu arudishwe? Hata uraia hana bado." Akasema pia kwamba mambo ya Wayahudi na Waarabu hayatuhusu, sisi tuna vita vyetu Kongo ambavyo hakuna anayevililia.

Bibi amenialika kwenye kumbukumbu ya tarehe 27 Oktoba. Mume wangu hataki niende. Nami nikikaa jikoni kwa Bibi nanywa chai yake, najiona mnafiki. Nikisema, naivunja familia. Nikinyamaza, sijui nitakuwa nimefanya nini.

Mama Esta, Pittsburgh

*

Marahaba, mwanangu. Mwaliko wa Bibi tutaufikia. Kwanza video, maana hiyo haina subira.

Umeniandikia kana kwamba cha kutisha zaidi ni maneno ya shemeji yako. Mimi nimetishwa na yule aliyeuliza wanafunga saa ngapi. Inawezekana naye anatania. Inawezekana pia hatanii, na sasa anao mlango, mahali anaposimama mlinzi na saa wazee wanapoingia, kazi aliyofanyiwa bure na kijana wa nyumba yako. Unamfahamu? Kwenye grupu hilo kuna namba ngapi usizozijua? Hata kama shemeji yako ni mtu asiyeweza kumchinja kuku, video imeshatoka mikononi mwake.

Kwa hiyo leo, kabla hajafuta kitu, piga picha ya skrini: video, maneno aliyoandika, vicheko, swali lile, namba na tarehe. Kisha kaa naye uso kwa uso umwulize mambo mawili bila kuzunguka. Je, yeye au mwenzake yeyote ana silaha? Je, kuna siku iliyotajwa? Huko mliko bunduki haitafutwi msituni. Ukisikia ndiyo, au ukiona anakwepakwepa, piga 911 usiku huohuo, na hilo sitalijadili nawe wala na mume wako. Ukiridhika kwamba ni mdomo tu, taarifa bado inakwenda, ila unaweza kuipeleka kwa utaratibu. Kesho asubuhi mwende naye kwenye shirika lililowapokea, muombe kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Kama hawana wa kwao, wanajua wa kuwaelekeza. Mwanasheria akiwa pembeni, habari iende kwa polisi na kwa ofisi ya usalama ya Shirikisho la Kiyahudi la Pittsburgh. Nimesema kesho. Wiki ijayo kuna Jumamosi nyingine.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari kwake. Kutishia watu kwenye nyumba ya ibada kunaweza kuwa kosa la jinai, na asiye raia hubeba mzigo mzito zaidi. Lakini pima mwenyewe. Kuna kijana anayekuja kwa miguu yake na mwanasheria, akaeleza alichofanya na nani aliuliza nini. Na kuna kijana anayegongewa mlango saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mwenzake wa grupuni ameshamtaja. Mume wako anadhani chaguo ni kati ya polisi na kutokuwa na polisi. Sivyo.

Kwa nini nimetaja ofisi ya usalama? Shirikisho hilo liliajiri mkuu wa usalama mwaka 2017, mstaafu wa FBI, akawa anazunguka sinagogi hadi sinagogi akifundisha milango ya kutokea na la kufanya risasi zikianza kulia. Myahudi anayeishika Sabato barabara hatumii simu siku hiyo. Rabi wa Tree of Life, sinagogi lile lililoshambuliwa mwaka 2018, alishauriwa awe nayo mfukoni hata hivyo, kwa dharura. Alikubali. Tarehe 27 Oktoba 2018, kabla ya saa nne asubuhi, ni simu hiyo aliyoitumia kuita 911 huku watu wake wakiuawa chini ya dari ileile. Miaka mitatu na kidogo baadaye, Januari 2022, rabi wa Colleyville, Texas, alishikwa mateka pamoja na baadhi ya waumini wake kwa saa nyingi. Mwishowe alimrushia kiti mtu mwenye bunduki, wakakimbilia mlangoni, na alipohojiwa alisema mafunzo ya usalama ndiyo yaliyowaokoa.

Halafu kuna Halle, Ujerumani, Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, siku yao kuu ya toba. Watu zaidi ya 50 walikuwa ndani wakisali. Mtu mwenye silaha alifika, akapiga mlango risasi, ukagoma. Akaondoka akawaua watu wawili mitaani, mwanamke mpita njia na kijana aliyekuwa kwenye duka la kebabu. Waliokuwa sinagogini wakatoka wazima. Maisha yao yote yalitegemea mlango ule mmoja. Sasa mwambie shemeji yako aitazame tena video yake.

Nimekwenda kwenye usalama kwanza kwa sababu wengi wetu tukisikia "kulaani chuki" tunafikiria hotuba. Kulaani bila kulinda ni kelele. Wayahudi wa Marekani ni kama asilimia 2 tu ya watu wa nchi hiyo, lakini katika takwimu za FBI za makosa ya chuki ya kidini, mwaka baada ya mwaka, wao ni zaidi ya nusu ya wanaolengwa. Mlinzi yule wa kwenye video hakuwekwa pale kwa fahari.

Kuhusu shemeji mwenyewe, kuna habari moja ambayo zile video hazikumpa. Mwambie polepole, simu ikiwa chini.

Jengo lile la Squirrel Hill lilikuwa na jumuiya tatu za waumini. Moja yao, Dor Hadash, wiki moja tu kabla ya mauaji ilishiriki pamoja na masinagogi mengine nchini kote katika Sabato maalumu ya kuwaombea na kuwakaribisha wakimbizi. Aliyeiandaa ni HIAS. Hilo ni shirika lililozaliwa New York mwishoni mwa karne ya 19 kuwapokea Wayahudi waliokimbia kuuawa na kuporwa katika Urusi ya wafalme. Wayahudi wale walipopata pa kukaa, shirika halikufungwa. Likaendelea na wengine: Wavietnam, Wasomali, Wakongomani. Hata Nairobi limekuwa na ofisi ya kuhudumia wakimbizi wa mjini. Muuaji aliliona. Zaidi ya wiki mbili kabla, kwenye mtandao wa Gab, alisambaza orodha ya masinagogi yaliyojiandikisha kwa Sabato hiyo. Asubuhi ile, dakika chache kabla ya kuingia, aliandika kwamba HIAS inapenda kuleta wavamizi wanaowaua watu wake, na kwamba yeye hatakaa akitazama. Akawaua 11. Mdogo kati yao alikuwa na miaka 54, mkubwa alikuwa mama wa miaka 97.

Hao wavamizi ni nani, Mama Esta? Ni wewe, na mume wako, na Esta, na huyo mdogo wake anayelala chumba cha nyuma baada ya zamu. Watu wale waliuawa kwa kuwa ni Wayahudi, na muuaji kwa mkono wake mwenyewe aliandika kwamba kosa lao mojawapo ni kuwafungulia mlango watu kama ninyi. Kijana anayeusambaza uongo wa muuaji huyo anafikiri anawatetea wanyonge. Anamfanyia kazi mtu ambaye angempiga risasi yeye.

Na kama bado anasema ni maigizo, kesi ilisikilizwa mwaka 2023 hapohapo mjini kwenu. Mahakama ilisikiliza simu za 911, ikasikiliza manusura, ikamtia mtu yule hatiani kwa mashtaka yote 63, na mwezi Agosti akahukumiwa kifo. Mmoja wa waliouawa alikuwa daktari ambaye enzi za mwanzo za UKIMWI, wengine wakiogopa hata kugusa, wagonjwa wake wanamkumbuka akiwashika mikono bila glavu. Sijui maigizo ya namna hiyo yanapangwa na nani.

Hadithi ya benki na vita ni kuukuu kuliko babu yake. Ilienezwa sana na maandishi yaliyotolewa kwenye gazeti moja la Urusi mwaka 1903, yakijidai kuwa siri za wazee wa Kiyahudi wanaopanga kutawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London liliweka kurasa bega kwa bega likaonyesha kwamba sehemu kubwa imenakiliwa kutoka kitabu cha kejeli cha Kifaransa cha mwaka 1864, kilichokuwa kinamsema Napoleon III na wala hakikuwahusu Wayahudi. Hitler aliyatumia hivyohivyo, baada ya kufichuliwa. Kama kijana wako ni shabiki wa TP Mazembe, mwulize baba yake Moïse Katumbi, kiongozi wa miaka mingi wa klabu hiyo, alikuwa nani. Alikuwa Nissim Soriano, Myahudi wa kisiwa cha Rhodes aliyehamia upande wa Katanga na kufanya biashara ya samaki. Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, Wajerumani waliwakusanya Julai 1944 wakawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi hawakufika 200. Benki zao zote hazikuwasaidia.

La Yesu nalifupisha. Aliyetoa amri ni Pilato, na waliopigilia misumari ni askari wa Kirumi. Yesu mwenyewe, mama yake na mitume wake walikuwa Wayahudi, na Kanisa Katoliki lilitamka rasmi mwaka 1965 kwamba mateso yake hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Ninayajua makanisa yetu ya ughaibuni, yanapeperusha bendera ya Israeli madhabahuni Jumapili, na mahubiri yakifika Ijumaa Kuu Myahudi anageuka muuaji. Bendera ile haimlindi mzee anayeingia sinagogini Squirrel Hill.

Gaza ni jambo zito na sitaki ulipite. Shemeji yako kulia kwa ajili ya watoto wale si dhambi, na asiambiwe kwamba huruma yake ndiyo iliyomharibu. Aandamane. Amwandikie mbunge wake. Aichangie hospitali, aipinge serikali ya Israeli kwa jina lake na kwa matendo yake, kama wanavyofanya hata Wayahudi wengi. Wazee wawili wanaoingia kusali Pittsburgh hawaamuru ndege yoyote.

Na wewe ni wa Fizi, kwa hiyo nitasema bila kupamba. Hesabu hii mnaijua nyumbani. Makobola, mwisho wa 1998, mamia ya raia waliuawa, wengi wao Wabembe, kana kwamba kila mwanakijiji ni mpiganaji wa Mai-Mai. Gatumba, ng'ambo ya mpaka Burundi, Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini usiku, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, kana kwamba kila mtoto aliyelala pale katumwa na Kigali. Huchukuliwa kosa la jeshi au serikali, likashushwa juu ya yeyote mwenye damu ile, hata bibi, hata mtoto anayenyonya. Mume wako anasema vita vyetu hakuna anayevililia. Ana uchungu, na ana haki nao. Mwulize tu ni nani alikuja uwanja wa ndege na makoti.

Kwake yeye usiende kwa kelele, wala usiende na neno "polisi" mdomoni kama fimbo. Anza na anachokiogopa: mdogo wake anaweza kufungwa kwa ajili ya vicheko vya watu ambao hata majina yao hamyajui. Mwanaume anayeogopa kumpoteza ndugu huisikia hiyo. Akikataa, mwite mkubwa wake, au mzee wa jamii yenu anayemheshimu, mkae kikao. Ila kikao kije baada ya taarifa. Tunajua vikao vyetu: soda zinaisha, maneno yanabaki, na mwezi unakatika. Na kama hasira yake inafika kukutisha wewe au watoto, hapo hatuzungumzii tena shemeji. Mwambie mhudumu wa shirika siku hiyohiyo.

Grupuni andika kwa jina lako, kwa kifupi: "Video hii imeniumiza. Hao ni majirani zetu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuishi hapa. Akitishiwa sitanyamaza." Usibishane na watakaokujibu. Nina hakika kuna akina mama wengine humo wanaosubiri mmoja aanze.

Bibi umwambie wewe, kwa mdomo wako, ofisi ya usalama ikishajua. Asije akasikia kwa wengine. Usimwombe atunze siri, wala usimpeleke shemeji kwake kuomba msamaha akiwa bado na zile video kichwani. Watu wengi wangekushauri wakutanishwe, wanywe chai, mambo yaishe. Mimi nasema mama yule amezika watu wake, si kazi yake kumlea kijana wenu. Siku kijana atakapouliza mwenyewe anawezaje kurekebisha, mji wenu una Kituo cha Holokosti, kinachofundisha juu ya mauaji ya Wayahudi enzi za Hitler, na aliulize shirika lililowapokea kama kuna familia inayohitaji mtu wa kubeba magodoro. Aanzie hapo.

Kwenye kumbukumbu nenda. Mwambie mume wako unakwenda kumfariji mtu aliyefiwa, jambo ambalo hata kwetu haliombewi ruhusa. Nenda na Esta akitaka. Mlangoni mtapekuliwa mikoba, msijisikie vibaya, kila mtu hupekuliwa. Usipike pondu wala kubeba chakula cha nyumbani, kwa sababu wengine wanashika kosheri, masharti ya chakula ya dini yao, na watashindwa kukwambia hapana. Usihangaike na maua pia, si desturi yao sana katika msiba. Huna haja ya kujua sala zao, wakisimama simama, wakikaa kaa. Hutakuwa mgeni wa ajabu. Mwaka ule Waislamu wa Marekani walichanga zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya familia za marehemu na majeruhi, ndani ya siku chache, na wa Pittsburgh walisimama mbele za watu wakauliza kama wanahitaji walinzi wa kusimama nje wakati wa ibada.

Mume wako akisoma safu hii akanikasirikia, mpe anwani yangu aniandikie mwenyewe. Nitamjibu. Lakini taarifa isingoje jibu langu.